Mahali pa Kutua Mzigo

Swali lenu huwa ni lile lile. Mnakuja hapa kwangu Kasese na kompyuta begani, mnakunywa chai yangu, halafu mnafungua ramani yenye milima kama mchanga na kuniuliza: "Mama Mbambu, dunia ya gemu yetu iwe kubwa kiasi gani?" Kabla sijajibu mnapitisha kidole kwenye skrini, kutoka huku mpaka kule, na kuniambia mtu atatembea saa nzima asifike ukingoni. Mnasema hivyo kwa fahari kabisa. Nami nawauliza: katika saa hiyo atakutana na nini? Hapo mnaanza kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Siwacheki. Haya, nawacheka kidogo. Lakini kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe, tena si utotoni. Nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye wajukuu.

Kazi yangu imekuwa ramani maisha yote. Nilianza msichana, katika ofisi ya michoro ya mgodi wa shaba kule Kilembe, nikinakili kwa wino njia za chini ya ardhi. Bosi wangu alikuwa mzee mkali aliyevaa tai hata siku ya joto. Alikuwa na tabia ya kuweka kidole kwenye njia yoyote niliyochora na kuuliza, "Mbambu, hii ilichimbwa kwa nini?" Kama sikujua, alinirudisha kwenye madaftari nikatafute. Nilimchukia mwaka mzima. Mgodi uliposimama nikaandika vibao vya maduka, nikachora ramani za madarasa, nikachorea mipaka watu waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya hatua mbili za shamba. Nilidhani nimemaliza kujifunza.

Kisha zikaja simu za kugusa, na baada yake akaja Masereka.

Masereka ni kijana wa Kilembe aliyesoma kompyuta Kampala akarudi. Alitaka kutengeneza gemu ya simu ya aina ile ambayo mchezaji anakuwa mtu fulani, anatembea, anagundua mahali, anazungumza na watu, anapewa kazi na kuongezeka nguvu na maarifa. Bunduki hamna. Alihitaji mtu wa kumchorea nchi, akaambiwa kuna mama mmoja Kasese anayejua kila kilima. Chumba tulipewa na Hajji Abasi, msafirishaji wa Bwera mwenye malori mawili, juu ya stoo yake karibu na barabara ya mpakani. Hajji alitupa chumba kwa sharti moja tu: yeye awe wa kwanza kucheza.

Siku ya kwanza nilimuuliza Masereka kwa nini anataka gemu hii. Sasa sikilizeni, maana mengine yote yanatoka hapa. Mto Nyamwamba ulipofurika, ulichukua safu ya nyumba walimokuwa wakikaa kwao Kilembe. Mama yake, Mama Baluku, aliokoka. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Kabugho, hakuokoka. Mama Baluku alirudi Kyarumba alikozaliwa, akaanza kubeba kahawa na maharage kwa kichwa kama zamani, na akasema mguu wake hautakanyaga Kilembe tena.

"Mama Mbambu," Masereka aliniambia, "mimi nataka mama yangu itembee tena kule nyumbani. Hata kama ni ndani ya simu."

Ningefanya nini? Nilichonga penseli.

Kwa kuwa alikuwa na mapenzi makubwa, alitaka dunia kubwa. Tulianza Bwera, tukapita Kasese, tukaingia Kilembe, tukapanda mlima mpaka kwenye baridi. Nilichora miezi minane. Kila kilima nilikipa mgongo wake wa kweli, na Masereka akaviingiza vyote kwenye kompyuta. Siku tuliyomaliza tulinunua soda. Kesho yake nikaingia ndani kutembea, nikatembea, nikatembea tena, na baada ya nusu saa nikagundua kwamba ninafikiria mboga nitakazopika jioni. Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Pua yetu ilikuwa kubwa sana.

Mtu mwenye akili angepunguza. Mimi nikajaza.

Nilimwaga vitu vya kuokota kila mahali: vikapu, sufuria, majembe, mbuzi waliopotea. Nikapanda vijiji kila nilipoona uwazi, na kila kijiji nikakijaza watu. Majina hayakunisumbua, maana sisi Wakonzo mtoto anazaliwa na jina linamngoja. Mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Wasichana ni Masika, Biira, Kabugho, na wa nne ni Mbambu kama mimi. Basi nilikuwa naenda nyumba kwa nyumba nikigawa majina kama mtu anayepanda mahindi. Kisha nikaandika kazi kwa mchezaji: "Mpelekee Baluku jembe hili."

Hajji alicheza siku tatu. Siku ya nne alipanda ngazi, akatua simu mezani kwangu taratibu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, Hajji. Gemu inaendaje?"

"Mimi nimepata Baluku kumi na tisa. Yote inasema jembe si yake. Na nimeokota sufuria mpaka mfuko imejaa. Sasa Mama, mimi natafuta mutu ao nafungua duka?"

Masereka alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka siku hiyo. Mnaona kosa lenyewe: sisi nyumbani hatuoni tabu, tunauliza Baluku wa nani, wa kilima kipi, yule ambaye baba yake alikuwa na ng'ombe mwenye pembe moja. Kila Baluku ana habari yake. Mimi nilikuwa nimetoa majina na kusahau habari.

Mwalimu wangu mwingine alikuwa mwanajeshi ambaye hata jina lake sikulijua. Nilikuwa nimekaa karibu na stendi ya boda boda hapo Bwera, nikichora njia ya kuelekea mpakani. Akaja nyuma yangu na buti zake.

"Wewe mama. Unachora nini?"

"Ni gemu, afande. Ya simu."

Alichukua karatasi, akaigeuza. "Adui iko upande gani?"

"Hakuna adui, afande."

"Gemu gani hiyo haina adui? Sasa mutu inatafuta nini huko?"

Waendesha boda waliokuwa pale walianza kuguna. Afande alinirudishia karatasi yangu na kusema, "Rudi nyumbani, fikiri." Ilikuwa amri, nami nilitii. Nilifikiri wiki nzima na sikupata jibu, nikaanza kuwa mkali kwa watu nyumbani.

Chukueni hii mbinu, ni ya bure. Ukitaka kujua kama dunia yako ina upungufu, ingia mwenyewe na karatasi mkononi, tembea kama mgeni, na kila unapopiga mwayo weka alama mahali hapo. Usijitetee. Mimi nilifanya hivyo baada ya yule afande. Ramani yangu ilipata alama nyingi kama uso wa mtoto mwenye surua, na ajabu yake ni kwamba nyingi zilikuwa pale nilipomwaga vitu vingi zaidi. Sufuria ya kwanza inakufurahisha. Ya sita inakuchosha kuliko njia tupu.

Nilikwenda Kyarumba kwa sababu nyingine kabisa. Masereka aliniomba nimpelekee mama yake dawa za presha. Nilimkuta Mama Baluku anafunga mzigo wa maharage, anapanda nao kwa dada yake mlimani. Alinitazama viatu.

"Wewe ndiyo unachora hizi milima yetu?"

"Ndiyo mimi."

"Umepanda hata moja?"

Nilisema nimepanda nyingi. Akauliza, na mzigo? Nikakiri kwamba hapana. Alicheka, akagawa mzigo wake, akanisokotea ngata ya majani makavu ya mgomba na kunitwika fungu dogo ambalo, nilijua baadaye, alimpa pia mjukuu wa miaka tisa.

Vijana wangu, kile kilima nilikuwa nimekichora kwa dakika ishirini, nikiwa nimekaa. Tulipofika robo yake shingo yangu ilikuwa inaimba. Nikasema tupumzike. Mama Baluku akakataa, akasema hapa si mahali. Nikaona ni ukatili. Hatua chache mbele, kwenye kona, palikuwa na ukingo wa udongo uliokatwa ukawa kama rafu, kimo cha kichwa cha mwanamke. Alisogea, akainamisha kichwa kidogo, mzigo ukateleza wenyewe ukakaa pale juu.

"Hapa tunatua," akasema. "Ukiweka chini kule, nani itakutwika? Uko peke yako kwa njia. Hapa unaingiza kichwa, unaenda."

"Nani alipakata hivi?"

"Watu. Zamani. Shingo yao ndiyo ilipima."

Tulitua mara tano mpaka juu, na kila mahali palikuwa na sababu yake. Mahali pamoja palikuwa na maji. Pengine pana upepo, unatazama bonde lote na kujua mvua iko wapi. Mahali pa tatu tulimkuta mwanamke ambaye alikuwa ametua pia, akatupa habari kwamba daraja la miti la juu limeoza, tupite chini. Tungepita bila kutua tungefika kwenye daraja. Katikati ya vituo hivyo hapakuwa na kitu, njia na migomba tu, lakini sikuona popote kuwa patupu, kwa sababu nilikuwa nabeba kitu na nilijua kuna mahali mbele pa kukitua. Na vituo havikulingana umbali. Kwenye mwinuko mkali vilikaribiana, kwenye tambarare vikaachana. Mimi nilikuwa nimepanga vijiji vyangu kwa rula.

Nililia kidogo njiani wakati wa kushuka. Nilimwambia Mama Baluku ni shingo. Ilikuwa shingo, na ilikuwa pia miezi minane ya kuchora kitu kisicho na maana.

Nilirudi Bwera nikamwambia Masereka tukate. Mchezaji awe mbebaji. Apewe mzigo mwanzoni, shingo yake ichoke kwa kiasi cha mwinuko, na kila kituo kiwe na jambo moja tu ambalo linabadilisha safari yake. Wilaya nzima ikawa njia moja, kutoka soko la Kyarumba mpaka bonde la Kilembe. Najua kwenye ardhi ya kweli haziunganiki hivyo, msiniletee maneno. Masereka alikubali kila kitu. Alifuta milima yangu bila huruma, Baluku wote wakaondoka isipokuwa mmoja, naye tukampa baba, mke na deni la mbuzi. Simu ambazo zilikuwa zinachemka kama pasi zikaanza kupumua.

Lakini tulipofika Kilembe akaweka mkono mezani. "Hapa hatukati, Mama."

Alikuwa amejenga safu zote nne za nyumba. Kila mlango ulikuwa na rangi yake, kila dirisha lilikuwa na ufa alioukumbuka, na bonde hilo peke yake lilikula nafasi nusu ya gemu. Niliingia nikatembea, nikapiga mwayo kwenye safu ya pili. Alama sikuiweka. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kazi hii, kubwa kuliko masufuria, kwamba nilijua na nikanyamaza kwa kumwonea huruma. Ukimwonea mtu huruma ya namna hiyo unamwachia aumie mbele ya mtu anayempenda zaidi.

Mama Baluku alikuja Bwera siku ya soko. Masereka alimkalisha kwenye kiti cha Hajji, akampa simu, akamwonyesha kidole kinavyotembeza. Alishika upesi. Alipita njia yote akitua mzigo pale panapotakiwa, akitikisa kichwa kwa kukubali. Akaingia bondeni. Akaona safu ya nyumba. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa tatu, wa kijani, akasimama nje.

"Ni ile," akasema.

"Ni ile, Mama. Ingia."

Hakuingia. Alikwenda mlango wa pili, wa Kabugho, akabisha kwa kugusa skrini. Kimya. Akaenda wa nne. Akapita safu yote akibisha, halafu ya pili. Sisi tulisimama nyuma yake tukisikia kucha yake kwenye kioo.

"Watu beko wapi?" akauliza.

Masereka alisema watu wangekuwa wengi, simu isingebeba. Mama yake akamrudishia simu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, umefanya kazi. Wasingya, asante. Lakini hii siyo nyumbani. Hii ni siku ile baada ya maji."

Masereka aliteremka ngazi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, kwa sababu neno hilo lilikuwa langu la kusema mapema, kwa upole, tukiwa wawili tu.

Siku mbili hakuja. Siku ya tatu nilimkuta kazini kabla yangu, amefuta safu tatu na robo tatu ya ile ya nne. Palibaki mlango wa kijani, ukuta wa jirani, na bomba la maji la nje walipokuwa wakipanga foleni. Alikuwa na daftari.

"Nilikuwa Kyarumba," akasema. "Nimemuuliza pale bombani kulikuwa na nani, na walikuwa wanasema nini."

Daftari lilikuwa na wanawake wanne. Tuliwatengeneza kwa mwezi mzima, muda mrefu kuliko nilivyochora mlima wowote. Kabugho alikuwa mgumu kuliko wote, kwa sababu maneno yake yalikuwa mawili tu. Alikuwa mtu wa kufoka. Unafika bombani, anakuambia, "Umechelewa tena." Kisha anasogeza jerikeni yake pembeni na kusema, "Leta yako, weka mbele ya yangu." Basi. Kila siku hivyo, miaka na miaka.

Watu wa Kampala waliokuwa wanatafuta gemu za kuuza waliitazama. Walisifu mzigo na shingo, wakasema ni jambo hawajaliona. Lakini walitaka dunia ipanuliwe mara kumi, na wakauliza yule mama wa bombani anayefoka ana faida gani, maana mchezaji hapewi kitu akizungumza naye, bora aondolewe. Masereka aliwajibu kwa adabu kwamba hataweza. Hatukuuza. Tuligawa gemu simu kwa simu pale stendi ya boda, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipita Bwera nikisikia vijana wakiulizana umetua mara ngapi. Kisha kundi letu likatawanyika. Masereka alipata kazi nyingine, macho yangu yakaanza kuleta ukungu, Hajji akajaza chumba mifuko ya saruji.

Mkiniuliza kama nilishindwa, sijui niwajibu nini. Ninajua tu nilichokiona kabla hatujatawanyika, mchana, ngazini kwa Hajji, Masereka alipompa mama yake simu mara ya pili.

Alipanda njia yote. Alifika bondeni, akaona bomba, akasogea. Akatua mzigo. Kabugho akamgeukia: "Umechelewa tena." Mama Baluku alifunika mdomo kwa kiganja akacheka, akaijibu simu kwa Lhukonzo, kwa sauti, maneno mengi, kama mtu anayejitetea. Jerikeni ikasogea pembeni. Chini ya skrini likaanza kuwaka lile neno la kumwambia mchezaji abebe aendelee.

Masereka alikuwa na hamu ya kumwonyesha mwisho. "Mama, finya pale. Iko bado mbele."

"Ngoja," akasema. "Bado tunaongea."

Akaweka simu juu ya goti lake. Mwanga wa skrini ulipoanza kufifia aliugusa kwa kidole, usizime, kisha akaugusa tena. Masereka akakaa chini kando yake, na hakumharakisha.